Dini na Maisha (3): Kosa Likishatendeka, Unamwambia Nani?

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliangalia jinsi dini inavyompangia muumini siku na mwaka wake: swala tano, Jumapili, saumu, sikukuu. Hayo huonekana kwa macho, hata jirani wa dini nyingine anayajua. Leo tunaingia chumba cha ndani. Kwa maoni yangu, hakuna fundisho linalomfinyanga mtu kuliko lile linalomwambia afanye nini na kosa lake akishalitenda.

Tuchukue mfano. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa amechota shilingi laki tatu za wenzake. Daftari amelisawazisha vizuri, hakuna aliyeshtuka. Baada ya miezi kadhaa nafsi inamsuta, usingizi haumjii. Amwendee nani? Padri wake? Mola wake, peke yake, usiku wa manane? Wanakikundi wote, Jumamosi jioni, wamekaa mkekani na daftari liko katikati? Au mzee mwenye dawa? Kila jibu hapa lina dini nyuma yake, na kila dini ina fikra nzima kuhusu mtu ni nini, dhambi inakaa wapi, na jamaa zako wana haki gani ya kuyajua yaliyomo moyoni mwako. Aliyelelewa kwenye jibu moja tangu utotoni hawezi kufanana na aliyelelewa kwenye jingine. Watatofautiana katika kuzungumza na mwenzi, kushika fedha, kuchagua rafiki; na siku nchi ikichafuka, watatofautiana hata katika siasa.

Nianze na la zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, Jomo Kenyatta anaeleza jinsi Wagikuyu walivyoshughulikia thahu, yaani unajisi unaompata mtu kwa kuvunja mwiko. Mtu aliweza kuupata kwa kutenda ovu, lakini pia kwa kugusa maiti tu. Hakuulizwa alikusudia nini. Kosa lilikuwa kitu halisi kilichomkaa mwilini, chenye uwezo wa kuwafikia mke, watoto na hata mifugo, na kazi ya mundu mugo, mganga, ilikuwa kumtapisha. Mwenye thahu alionjeshwa dawa, akatema, kosa likitajwa, nalo likatoka. Kwa hiyo anayeficha alikuwa anaihatarisha nyumba nzima. Mtoto akishikwa na homa isiyosikia dawa, swali la kwanza lilikuwa: hapa kuna nini ambacho hakijasemwa? Tuliweke akilini swali hilo, maana bado linatembea mitaani.

Wakatoliki walizunguka sana kabla ya kulifikia jibu lao. Karne za mwanzo, Mkristo aliyeua, aliyezini au aliyeikana imani wakati wa mateso alifanya toba mbele ya kanisa zima, akitengwa na wenzake kwa muda mrefu, na nafasi hiyo aliipata mara moja tu maishani. Matokeo yake watu walingoja. Wengi waliahirisha toba hadi kifo kinapobisha hodi. Wamonaki wa Ireland, kuanzia karne ya 6, ndio walioeneza utaratibu mwingine: ungama faraghani, ungama tena ukikosa tena, na kila dhambi iwe na malipizi yake yaliyoandikwa kitabuni. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ukaufanya wajibu: kila aliyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya aungame walau mara moja kwa mwaka. Mtaguso huohuo uliamuru kwamba padri atakayetoa siri ya maungamo avuliwe upadri na afungiwe monasterini maisha yake yote.

Ukitaka kuona fundisho hilo likimwingia mtu, nenda parokiani siku watoto wa komunyo ya kwanza wanapoungama kwa mara ya kwanza. Wamepanga foleni kwenye benchi, wanahesabu kwa vidole, midomo inachezacheza: nimekataa kutumwa mara nne, nimemtukana dada, nimekula sukari. Asiye na la kusema humwuliza jirani yake, na ikibidi huazima dhambi ya mwenzake ili asiingie mikono mitupu. Tunacheka, lakini mtoto huyo wa miaka tisa anajifunza jambo zito: kwamba maisha yake yana kumbukumbu, kwamba matendo huhesabiwa kwa aina na idadi, na kwamba yupo mtu mmoja duniani anayeweza kuambiwa yote na yasitoke. Mwanafalsafa Michel Foucault aliandika mwaka 1976 kwamba desturi hii ndiyo iliyowafanya watu wa Magharibi wawe viumbe wa kuungama, hata waliouacha ukumbi wa kanisa wakaenda kuungama kwa daktari, kwa hakimu na kwa mpenzi.

Mweka hazina wetu, kama ni Mkatoliki, ataambiwa arudishe fedha. Hilo halina mjadala. Lakini anaweza kuzirudisha kimyakimya, hata kupitia mkono wa padri, bila jina lake kutajwa. Na hapa pana jambo linalowashangaza wengi: padri huyo hata akiwa mlezi wa kikundi, hawezi kumtoa mtu yule kwenye hazina kwa sababu ya alichokisikia katika kitubio. Kanuni ya 984 ya Sheria za Kanisa, toleo la mwaka 1983, inamkataza kutumia alichokijua humo kumdhuru aliyeungama.

Uislamu haumweki mtu yeyote katikati. Imamu Nawawi wa Shamu, aliyefariki mwaka 1277, anayataja masharti ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia, na kama dhambi inagusa haki ya mja, basi sharti la nne ni kuirejesha haki hiyo kwa mwenyewe. Kusimulia hakumo. Tena kusimulia kunaweza kuwa kosa jipya. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inafundisha kwamba wote katika umma watarajie msamaha isipokuwa wanaojidhihirisha, na mfano unaotolewa ni wa mtu aliyetenda jambo usiku, Mola akamsitiri, kulipokucha akaliweka wazi mwenyewe.

Kisa cha Maiz bin Malik kinalifafanua vizuri kuliko maelezo yangu. Maiz alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akakiri zinaa. Mtume akamgeuzia uso. Maiz akazunguka upande wa pili, akakiri tena. Akageuziwa uso tena. Ilifika mara nne, na katikati yake akaulizwa kama ana wazimu, ikachunguzwa kama amelewa. Kila mlango wa kutokea ulifunguliwa kabla ya hukumu kupita. Kisha aliitwa Hazzal, mtu aliyemshauri Maiz aende akajitaje, akaambiwa ingekuwa heri kwake kama angemfunika mwenzake kwa nguo yake. Zinaa yenyewe huthibitishwa kwa mashahidi wanne walioona kwa macho, na anayemtuhumu mwanamke bila kuwaleta hucharazwa viboko 80. Kupeleleza kumekatazwa katika sura ya Al-Hujurat. Wanazuoni husimulia pia kisa cha Khalifa Umar aliyepanda ukuta usiku na kumkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba yeye amekosa mara moja, lakini Khalifa amekosa mara tatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na hakupiga hodi. Umar akaondoka.

Anayeishi na mafundisho haya vizazi kwa vizazi huyajenga hata kwa mawe. Nyumba kongwe za Lamu hazimruhusu mpita njia kuona ndani. Unaanzia dakani, mahali pa mabaraza ambapo mgeni hukaa na kunywa kahawa. Ukipita mlango unaingia tekani, na hapo njia inakunjwa, ili mlango ukiwa wazi jicho la barabarani ligonge ukuta. Ndipo unatokea kiwandani penye mwanga, halafu misana, halafu ndani kabisa. Kadiri unavyoingia, ndivyo idadi ya wanaoruhusiwa kufika inavyopungua. Mtu anayelelewa humo anakua akijua kwamba binadamu naye ana daka na ana ndani, na kwamba adabu ni kutomvuta mtu akutolee nje vya ndani yake.

Isidhaniwe kwamba sitara inamwacha mtu alale usingizi. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kazi yake kubwa, Ihya, kitabu kizima juu ya muraqaba na muhasaba, mtu kuichunga na kuifanyia hesabu nafsi yake. Anataka mtu akae na nafsi jioni kama mfanyabiashara anavyokaa na mshirika wake mwishoni mwa siku: mtaji ni upi, faida ipi, hasara ipi, nani kala nini. Ghazali alijua anachosema. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, alipima nia yake akaona anafundisha kwa ajili ya cheo na sifa. Ulimi ukamgoma hata kufundisha hakuweza, akauacha mji. Hesabu aliifanya na nafsi yake, na watu wa mji aliwaambia anakwenda Hija.

Basi mweka hazina wetu wa Kiislamu arudishe laki tatu. Akiweza kuzirudisha pasipo kujifedhehesha, azirudishe hivyo. Hatakiwi kusimama mkekani. Mke wake akijua, anatakiwa amsitiri huku akimhimiza arudishe. Mimi naona kuna hekima kubwa hapa: mtu dhaifu anaachiwa nafasi ya kuinuka bila kubeba jina la mwizi mpaka kaburini. Katika mji mdogo ambako kila mtu ni binamu wa mtu, jina likishakupata halikuachi.

Ila sitara ina gharama, na gharama hiyo mara nyingi huilipa asiyekosa. Mume anayempiga mkewe naye yuko nyuma ya ukuta uleule. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi akisikiliza, na kitabu chake cha mwaka 1998 kinaonyesha mkanganyiko wa wanawake waliofundishwa kuvumilia na kuficha ya nyumbani, sasa wamesimama mbele ya kadhi wakitakiwa kuyasema. Wengi wa wanaofungua kesi ni wao, na mara nyingi hushinda. Lakini kila anayefungua mdomo anajua mtaani ataitwa nani. Na hapo kosa ni la mtaa, kwa sababu fiqhi yenyewe ilishauweka mlango. Nawawi anazitaja hali sita ambazo kumsema mtu nyuma yake kunaruhusiwa, na ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu kwa mwenye mamlaka. Waliojifunza nusu ya somo ndio wanaomwambia mwanamke aliyevimba jicho kwamba ya ndani hayatolewi nje.

Tuje sasa kwa walioamua kuubomoa ukuta wote.

Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika misheni ya Kianglikana huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Rwanda ilikuwa imetoka kupigwa na njaa kali, na Church mwenyewe alikuwa amechoka, roho imekauka. Walisoma Biblia pamoja na kuomba. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, akafariki Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini moto alioushika haukufa naye. Kutoka Gahini na Kigezi uamsho ulisambaa Uganda yote, ukaingia Burundi, Buhaya na Kenya kabla ya miaka ya 1930 kwisha. Waganda waliwaita Balokole, waliookoka. Wimbo wao, Tukutendereza, uliimbwa kila mtu alipomaliza kutoa ushuhuda wake, na hadi leo ukiuanzisha kwenye msiba wa mzee wa Kianglikana kati ya Kabale na Murang'a utaitikiwa.

Mafundisho yao makubwa yalikuwa yaleyale ya Wakristo wote: dhambi, msalaba, damu, neema. Upya ulikuwa kwenye walichokifanya nayo. Walichukua agizo la waraka wa kwanza wa Yohana la kutembea nuruni wakalisoma kwa maana yake ya wazi kabisa: hakuna linalobaki gizani kati ya ndugu. Kila juma walikutana, na mtu alisimama akataja alilotenda, kwa jina lake. Nimeiba shuka za hospitali. Nimemdharau ndugu yangu kwa kuwa ni wa kabila lile. Nimezini, na mke wangu yuko hapa anasikia. Baada ya kusema walirudisha. Vitu vya hospitali, fedha za waajiri, vilivyoibwa miaka mingi iliyopita na kusahauliwa na wenyewe, vilianza kurejea kwenye meza za watu walioshindwa kujua wavipokeeje. Wamisionari nao walitakiwa kusimama, na waliosimama walikiri hasa kiburi cha rangi. Katika Afrika ya kikoloni, Mzungu kumwomba radhi mpishi wake mbele ya watu halikuwa jambo dogo.

Mweka hazina wetu, akiwa wa kundi hili, atasimama mkekani Jumamosi jioni na kusema: laki tatu, mwezi fulani, nililifuta hapa na hapa. Ataukosa uweka hazina. Wataimba. Baadhi watamkumbatia kwa moyo wote, na mmoja wawili wataamua kutomkopesha tena. Lakini kuanzia siku ile hakuna wa kumtisha kwa siri, kwa sababu siri hana.

Wazee hawakulipenda. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu uamsho huu, anaonyesha jinsi viongozi wa jamii mbalimbali walivyokasirishwa na watu wanaomwaga hadharani mambo ya chumbani. Kwao heshima ya kabila ilisimama juu ya kujua cha kusema na cha kunyamazia, na hawa walikuwa wanawaaibisha mababu. Kanisa nalo lilishtuka. Mwaka 1941, chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa kinara wao, kwa kukaidi amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri. Makasisi wa baadaye walifukuzwa chuoni kwa kuzidisha sala. Huo nao ni utani wa historia.

Watu walioitwa ndugu walianza kuoana, kukopeshana, kulala nyumbani kwa kila mmoja, kuzikana. Mhaya akifika Kiambu alikuwa na pa kulala. Fundisho la kusema dhambi lilikuwa limeunda ukoo mpya usiofuata damu. Na kwa kuwa walizoea kusema kila kitu, yaliyofungwa kwa siri yaliwawia magumu, hata yale ambayo wengine waliyaona ya kawaida. 

Jaribio kubwa lilikuja Kenya. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na vuguvugu la Mau Mau lilikuwa limeenea katika nchi ya Wagikuyu kwa njia ya kiapo. Kiapo kile kilikuwa na nguvu kwa sababu mbili: kilikuwa cha pamoja, na kilikuwa cha siri, atoaye siri kimuue. Sasa mfikirie mtu aliyetumia miaka kumi na tano akijizoeza kila juma kutobakiza siri. Mwite usiku kwenye nyumba isiyo na taa, mwambie ameze jambo ambalo hatalitamka milele. Hawezi. Akili yake imekwisha kupindwa upande mwingine. Waliookoka walisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa ya mbuzi juu yake. Lakini pia wengi wao walikataa kupokea bunduki za serikali na kujiunga na askari wa nyumbani. Serikali iliwaona hawana shukrani, msitu uliwaona wasaliti, na baadhi yao waliuawa. Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wao, ambaye mwaka 1955 aliwekwa wakfu kuwa askofu, alikuwa shemeji yake Jomo Kenyatta. Wote wawili walioa mabinti wa Chifu Koinange. Nyumba moja, na njia mbili zilizoachana kabisa.

Mtu anaweza kusema, na wapo wanaosema, kwamba walikaa pembeni wakati wenzao wanapigania ardhi. Sibishi, ardhi ilikuwa imeibwa kweli, na wizi ule haukuhitaji kuungamwa na Wagikuyu. Ninalosema ni kwamba uamuzi wao wa mwaka 1952 hauelezeki kwa siasa peke yake. Uliandaliwa katika vikao vya shuka zilizorudishwa. Na kiapo kiliporejea mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya, sauti za kukipinga zilitoka tena makanisani, magazeti ya Kikristo ya Target na Lengo, chini ya mhariri Henry Okullu, yakiwa mbele.

Rwanda inaleta swali gumu zaidi. Uamsho ulianzia huko. Mwaka 1964 mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, mtu wa uamsho, aliuawa kwa sababu ya kuwasaidia Watutsi waliokimbia makwao. Miaka 30 baadaye, mwaka 1994, watu waliuawa ndani ya makanisa, na baadhi ya viongozi wa makanisa hayo walisimama upande wa wauaji. Ilikuwaje nchi iliyofundishwa kuungama hadharani ifike pale? Jibu langu ni la sehemu tu. Ushuhuda wa uamsho ulimfundisha mtu kutaja dhambi yake: shuka, uzinzi, chuki ya moyoni. Haukumpa namna ya kutaja dhambi isiyo ya mmoja: kitambulisho kilichoandikwa kabila, nafasi za shule zilizogawanywa kwa kabila, redio inayotukana. Mtu aliweza kutoka kwenye kikao amesafishwa kabisa na kurudi ofisini kujaza fomu zilezile.

Serikali ya Rwanda, baada ya hapo, ilichukua ungamo la hadharani ikalifanya sheria. Mahakama za gacaca, ambazo zilienea nchi nzima kuanzia mwaka 2005 na kufungwa Juni 2012, zilikuwa takriban 12,000, na zilisikiliza karibu kesi milioni 2. Watuhumiwa walikaa kwenye majani, mbele ya majirani wao, na aliyekiri, akaomba radhi na kueleza miili ilitupwa wapi, alipunguziwa kifungo. Familia nyingi zilipata mifupa ya kuzika kwa njia hiyo pekee. Lakini ungamo lenye malipo lina kasoro yake: kuna waliokiri dogo ili kuficha kubwa. Padri wa Laterano na Maiz wa Madina wangeshangaa kwa sababu tofauti.

Siku hizi neno ushuhuda unalisikia kila Jumapili kwenye vipaza sauti, na kamera zipo. Lisikilize kwa makini. Mlokole wa mwaka 1936 alisimama akasema: nilitenda. Shuhuda wa leo, katika mengi ya makanisa haya mapya, anasimama na kusema: nilitendewa. Biashara yangu ilifungwa na shangazi, ndoa yangu ilichezewa, kijijini kulizikwa kitu. Mtumishi anaamuru, mtu anaanguka, pengine anatapika, na waumini wanapiga makofi. Lile swali la homa ya mtoto limerejea, ila safari hii kisichosemwa kimo ndani ya mtu mwingine. Muumini wa namna hii akirudi nyumbani anawatazama ndugu zake kwa jicho la upelelezi, na mweka hazina aliyechota laki tatu atagundua kwamba alisukumwa na pepo. Nakiri kuwa mkali hapa. Wapo wanaopata faraja ya kweli. Lakini shangazi anayetajwa kwenye kamera hana pa kujibia.

Nimalizie Zanzibar, mahali ambapo mtu asingetarajia kuyakuta haya. Katika muongo wa pili wa karne hii ziliongezeka visiwani nyumba za kuwasaidia vijana walionaswa na heroini. Watu wanaziita soba hausi. Wengi wanaozisimamia ni waraibu waliopona. Mpango wanaoufuata ni wa hatua 12, uliotokana na Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzishwa Akron, jimbo la Ohio, mwaka 1935 na walevi wawili waliokuwa wamepitia Oxford Group, kundi la Kiprotestanti lililopenda mno watu kuambiana dhambi zao. Kwa hiyo kijana wa Kiislamu wa Ng'ambo, aliyelelewa na bibi aliyemfundisha kwamba alichositiri Mola asikifunue mja, anakaa kwenye duara la viti vya plastiki na kutaja mbele ya wenzake dhahabu ya mama yake aliyoiuza. Hatua ya 5 inamtaka akiri makosa yake kwa Mungu, kwa nafsi yake na kwa binadamu mwingine. Ya 9 inamtaka awalipe aliowadhulumu, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza, jambo ambalo Nawawi asingelikataa.

Swala ya adhuhuri inaswaliwa hapohapo, na wengine hufunga Jumatatu na Alhamisi. Kabla ya kikao kuanza, mwenye zamu husoma masharti, na mojawapo linakatiza moja kwa moja kati ya Balokole na nyumba za Lamu: linalosemwa humu linabaki humu. Milango hufungwa, na mtu wa kwanza anajitambulisha kwa jina moja tu.

(Itaendelea wiki ijayo: riba.)